Koti Lisilo na Mgongo

Voi nzima ilipigwa picha saa tisa na dakika ishirini. Kama huamini, ingia nyumba yoyote ya miaka ile, ya fundi wa reli au ya mkata mkonge, uitazame picha iliyotundikwa ukutani. Utaona bwana mmoja ameegemeza mkono wa kushoto juu ya meza ndogo, saa yake ya mkononi ameielekeza kwako ili usije ukasema hukuiona, na mishale ya saa hiyo imeganda hapo hapo. Saa yenyewe ilikuwa mali ya studio ya Bwana Karsan, na ilikufa kabla Noah hajaajiriwa.

Noah ndiye aliyekuwa mpiga picha. Mbele, Bwana Karsan alikuwa na duka la vifungo, nyuzi, taa za chemli na vipuri vya stovu. Studio ilikuwa chumba cha nyuma, chenye kioo kwenye paa cha kuingizia mwanga. Bei zake zilikuwa za kumwezesha hata kibarua, na kwa bei hiyo mteja alikopeshwa kila alichokosa nyumbani: saa isiyotembea, simu isiyo na waya, redio ambayo ndani yake Noah aliweka chakula chake cha mchana, miwani isiyo na vioo, na nyuma yake pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifalme. Mchoraji wa pazia hilo hakuwahi kupanda ngazi maishani mwake. Ngazi zake zilikwenda juu, zikafika mahali zikachoka, zikaishia hapo.

Lakini mfalme wa vyote alikuwa koti. Lilikuwa koti jeusi la sufu, kola pana, vifungo vinne, ambalo Bwana Karsan alilinunua kwenye mnada wa mizigo iliyosahauliwa ndani ya treni. Lilishonewa mtu mrefu mwembamba, na watu wa namna hiyo Voi hawakuwa wengi. Siku moja Maundu, mpishi wa nyumba ya wageni wa reli, mtu aliyekuwa akionja kila sufuria mara tatu, alijitia ndani ya koti hilo akashindwa kutoka. Walimvuta mikono, wakamwambia atoe pumzi, akaitoa yote, koti likakataa. Abiria walikuwa wanangoja chakula. Mwishowe Noah alichukua mkasi, akalipasua mgongoni kutoka chini hadi karibu na kola.

Alidhani amefukuzwa kazi, kumbe ameikuza biashara. Tangu siku hiyo koti lilimtosha kila mtu. Kwa mnene liliachwa wazi nyuma, kwa mwembamba likabanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mbele ungemwona bwana wa kumkabidhi ufunguo wa benki. Nyuma, shati lenye jasho na ukanda wa kamba. Ikabaki sheria moja tu, na Noah aliitamka kama padri aliye mimbarini: "Usigeuke. Ukigeuka, picha inaungua."

Watu waliogopa, hawakugeuka.

Noah mwenyewe hakuwa na koti. Alikuwa na shati moja la heshima, la kaki, lenye madoa ya dawa za kusafishia picha kifuani, na mgongoni kiraka. Kiraka hicho kilikuwa na habari yake. Shati lilinaswa na msumari wa mlango wa chumba cha giza, likachanika. Alhamisi iliyofuata, Wakio wa Chawia, ambaye kila wiki aliteremka na lori la mboga kisha akapita kwa Bwana Karsan kumnunulia babake nyuzi na vifungo, aliuona mchaniko ule, akasema, "Hivi ndivyo unavyotembea mjini?" Akalichukua, akalirudisha wiki ya pili limeshonwa kwa mishono minene ya msalaba, imara kuliko shati lenyewe. Noah alikuwa akimpenda hata kabla ya hapo. Kiraka kilimpa ujasiri wa kumwambia, na alipomwambia, Wakio akajibu kwamba alidhani hatasema kamwe.

Kwa hiyo wawili walikuwa wamepatana. Aliyebaki ni babake Wakio, na huyo hakuwa mtu wa kubaki kirahisi. Mzee Obadiah alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na desturi yake ambayo Chawia nzima iliijua: hapokei mshenga kabla ya kupokea barua yenye picha ya mposaji. "Mshenga analipwa ili aseme vizuri," alipenda kusema. "Picha hailipwi na mtu."

"Piga picha, uitume," Wakio alimwambia Noah. "Lakini ahidi kitu kimoja. Vaa shati lako. Lile koti liache."

"Kwani lina nini?"

"Baba ni fundi, Noah. Hatazami uso. Anatazama nguo."

Noah aliahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, akaenda akasimama mbele ya kioo na shati lake la kaki. Madoa yalimtazama. Akawakumbuka wanaume wote aliowavalisha na mikono yake, wapagazi waliotoka pale kama mahakimu, na roho ikamuuma. Yeye peke yake ndiye apelekwe ukweni na madoa? Akalitoa koti. Baada ya koti, uso ukaonekana mtupu, akaongeza miwani. Bwana Karsan ndiye aliyebonyeza.

"Umependeza," alisema Bwana Karsan. "Mimi mwenyewe nisingekujua."

Noah alilichukua neno hilo kuwa sifa, akaitia picha kwenye bahasha, akaikabidhi kwa dereva wa lori la mboga.

Asichokijua ni kwamba mwezi huo huo wanaume wengine wawili walikuwa wameandika barua kwenda nyumba ile ile: Wambua, mpagazi wa stesheni, na Silvanus, karani wa shamba la mkonge. Wote wawili aliwapiga picha yeye. Hakuwauliza picha inakwenda wapi, kwa sababu mpiga picha anayeuliza hivyo hupoteza wateja.

Alhamisi ya wiki iliyofuata lori lilifika, lakini Wakio hakushuka. Aliyeingia studio alikuwa mzee mfupi, kofia mkononi, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Noah aliiona futi kabla ya kuuona uso, akajua huyu ni babake Wakio. Jambo la kwanza alilolikumbuka ni kiraka. Fundi huyu akiuona mgongo wake, atataka kujua binti yake alifikaje hapo. Akarudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepiga picha hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi naitwa Obadiah, fundi wa Chawia. Nyuma ya picha hizi kuna muhuri wenu. Hebu njoo uzitazame."

Alizipanga mezani. Noah akamwona Wambua, akamwona Silvanus, akajiona yeye mwenyewe, wote watatu wameegemea meza moja, saa tisa na dakika ishirini. Sasa ndipo alipoelewa. Akangoja mzee ainue macho amtambue, lakini mzee alimtazama usoni, akaitazama picha, akamtazama tena, na hakuona lolote.

"Hawa watatu wanamtaka binti yangu," alisema Mzee Obadiah. "Haya, si vibaya, binti ni mzuri. Lakini wote watatu wamevaa koti langu."

"Koti lako, mzee?"

Mzee akatoa picha ya nne, ya zamani, iliyogeuka rangi ya chai. Kijana mfupi alisimama wima ndani ya koti jeusi la kola pana, kifua mbele, mikono yote miwili nyuma kama askari.

"Huyo ni mimi. Mombasa, mwaka wa thelathini na nne. Picha hiyo ndiyo niliyomposea mama yake binti. Koti hilo likaibwa kwenye treni, hapa hapa Voi, kabla hata ya harusi. Miaka ishirini na moja, kijana, mke wangu ananiuliza koti liko wapi. Juzi picha hizi zilipofika, alizipanga hivi, akazitazama, akasema: 'Baba Wakio, mwizi amepatikana. Nenda Voi, na usirudi bila koti.'" Akapangusa jasho. "Wewe uliwaona kwa macho yako. Mwizi ni yupi?"

Noah aliziinamia picha kana kwamba anazichunguza.

"Mimi namshuku huyu wa miwani," aliendelea mzee, akigonga kwa kidole pua ya Noah kwenye picha. "Mtazame. Mtu aliyejificha nyuma ya miwani ana jambo. Na wizi umezidi siku hizi, hata nyumbani kwangu uzi wa kaki unaisha kabla ya wakati, sijui ni panya, sijui ni mtu."

Hapo Noah alipiga hesabu yake, na kila alivyoipiga ilimshinda. Akisema koti ni la studio, mzee atajua kwamba yule wa miwani alimpelekea uongo. Akinyamaza, yule wa miwani ni mwizi. Njia zote mbili zilimpoteza Wakio, na kumpoteza Wakio ndilo jambo moja maishani ambalo hakuliweza.

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa kwa kishindo. Aliingia Oloo, mchochea moto wa gari moshi, mtu wa miraba minne, na nyuma yake mkewe Awuor aliyewasili juzi kutoka kwao Nyanza.

"Mpiga picha! Leta koti yangu!" alinguruma Oloo.

Mzee Obadiah aliruka. "Koti lako? Ni wewe?"

"Leo ni yangu," Oloo alimjibu kwa upole. "Majuzi ilikuwa ya Wambua. Jumapili ilikuwa ya watu wa mkonge, laini mpaka barabarani. Baba, hata wewe umekuja kuvaa? Basi ngoja, mimi nimefika na bibi."

Noah hakuwa na la kufanya ila kulileta. Alikwenda kinyumenyume mpaka kabatini, akarudi ubavuubavu.

"Huyu leo ana nini?" Awuor aliuliza. "Mbona anatembea hivyo?"

"Ni mambo ya ufundi," Oloo alimwambia, kwa kuwa alikuwa akimheshimu sana Noah.

Oloo akavishwa, akaegemea meza, saa ikaelekezwa mbele. Awuor akaketi na simu sikioni. Noah akaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera, na huko gizani akashukuru kwamba angalau haonekani. Lakini Mzee Obadiah hakuwa mtu wa kuliona koti mbele tu. Fundi hutaka kuona mshono wa mgongo, kwa kuwa hapo ndipo kazi inapojulikana. Akaanza kuzunguka taratibu, futi mkononi, akapita pembeni ya pazia, akafika nyuma ya Oloo.

Sauti iliyomtoka si ya kuandikwa.

"Ni nini?" Oloo akageuza shingo.

"Usigeuke!" Noah alipiga kelele, na kwa kelele hiyo hiyo akabonyeza.

Picha ile iko Nyanza mpaka leo. Awuor anacheka na simu imemwanguka, Oloo anatazama nyuma kama aliyeitwa na polisi, na kando ya ngazi za jumba la kifalme anaonekana mzee mdogo ameshika kichwa kwa mikono miwili. Awuor aliipenda kuliko picha zote walizopiga baadaye, na akakataa katakata ile ya pili ambayo Noah aliwapigia bure.

Walipokwisha kuondoka, Mzee Obadiah alikuwa ameketi, koti limelala mapajani mwake.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi, mzee."

"Kwa mkasi gani?"

"Wa kukatia karatasi."

Mzee alifumba macho. "Mshono huu hapa," alisema polepole, akiupapasa. "Umenyooka. Unakuambia kabisa, kama ni lazima, kata hapa. Na wewe ukakata kando yake! Mwizi ningemwelewa, mwizi ana shida zake. Lakini hii!"

Kelele zilimleta Bwana Karsan kutoka dukani. Alisikia neno mwizi, akakasirika. Hakuna mwizi katika nyumba yake, alisema, koti alilinunua kwa halali kwenye mnada wa reli, mizigo iliyosahauliwa ndani ya treni.

"Ndani ya treni?" aliuliza Mzee Obadiah.

"Ndani ya treni."

"Hapa Voi?"

"Hapa hapa."

Mzee alisimama. Uso wote ukamng'aa. "Ajabu ya Mungu!" alisema. "Basi kumbe kweli liliibwa!"

Noah aliona jambo geni kidogo hapo. Mtu aliyeibiwa akipata mali yake hufurahi. Huyu alikuwa kama mtu aliyeshangaa kwamba aliibiwa.

"Nipige picha nalo," mzee aliamuru. "Sasa hivi. Mama Wakio alione mwilini mwangu." Akalivaa kwa pupa, akasimama mbele ya pazia.

Noah akaingia tena chini ya kitambaa. Kwenye kioo cha kamera mtu huonekana juu chini, miguu hewani, na baada ya miaka mitatu Noah alikuwa amezoea kuwajua watu kwa namna hiyo. Akamwona mzee ananing'inia kichwa chini. Akaona mikono ya koti imemmeza vidole vyote, inapepea mitupu. Na akamwona mzee, bila kuambiwa na bila kufikiri, akiipeleka mikono yote miwili nyuma, kifua mbele, kama askari.

Noah akaitupia jicho ile picha ya rangi ya chai pale mezani. Wangapi amewaona wakisimama hivyo! Wafupi wote walioazima koti la mrefu huficha mikono. Akatoka chini ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hofu ilimpungua.

"Mzee, niwie radhi. Koti hili si lako."

"Unasemaje?"

"Na lile la Mombasa nalo halikuwa lako. Fundi hawezi kujishonea mikono mirefu namna hii."

Bwana Karsan alikumbuka ghafla kwamba duka halina mtu, akatoka. Mzee Obadiah aliitazama mikono ya koti, akaikunja mara moja, akaikunja mara ya pili, kisha akaketi chini mzima mzima.

"Lilikuwa la karani wa mahakama," alisema. "Aliniletea nimbadilishie bitana. Nilikuwa na safari ya Mombasa kununua vitambaa, nikalibeba. Nililivaa dakika tano tu, kijana, dakika tano. Kisha nikalishona, nikalirudisha kwa mwenyewe. Lakini mama Wakio alikuwa ameshaiona picha, ameshakubali. Ningemwambiaje?"

"Ukamwambia limeibwa."

"Kwanza nilisema liko kwa dobi. Lilikaa kwa dobi miezi minne. Baadaye ndipo likaibwa."

Nje, gari moshi la mizigo lilikuwa likivuta maji.

"Haya, umeniona nilivyo," alisema mzee. "Sasa niambie na wewe. Koti ni la wote, nimeelewa. Kati ya hawa watatu, mtu wa kweli ni yupi?"

Lilikuwa swali zuri ajabu. Noah angeweza kunyoosha kidole kimoja tu, kwenye miwani, na mambo yakaisha. Kidole kilikwishaanza kunyooka. Akakirudisha.

"Hakuna, mzee. Na huyu wa miwani ni mimi."

Mzee Obadiah aliishika picha, akaileta karibu, akaipeleka mbali. Akaiona miwani mezani, akamvisha Noah yeye mwenyewe, na alipotaka kuinyoosha kidole kikapita, kikamgusa Noah jichoni.

"Hata vioo haina!"

"Haina, mzee."

Noah alingoja kutukanwa, na angeyapokea matusi yote, maana aliyastahili. Lakini mzee alilivua koti, akalikunja, na alipomaliza alizungumza kwa sauti ya chini ya mtu anayepatana bei.

"Mama Wakio amesema nisirudi bila koti. Jumatatu, studio ikifungwa, utalileta Chawia wewe mwenyewe. Utamwambia kwamba umelipata mnadani, na kwamba ni langu, na mgongo uliharibiwa na wezi. Ukisema vizuri, mambo ya Wakio tutayazungumza. Ukisema vibaya, mlango ni uleule ulioingilia."

Bwana Karsan aliridhishwa kwa ahadi ya mzee kumshonea koti jipya, la mgongo wa kufunga kwa kamba, litakalomtosha Maundu na mtoto wa Maundu. Noah hakuridhishwa na chochote. Siku tatu alipiga watu picha wakiwa wamekatwa vichwa.

Jumatatu alipanda lori mpaka Mwatate, na kutoka hapo akaenda kwa miguu. Vumbi jekundu lilibaki chini, migomba ikaanza, na baridi ya Chawia ikampata ndani ya shati lake la kaki. Koti alilibeba mkononi, amelifunga kwa gazeti. Wakio alimpokea penye kona ya njia.

"Afadhali hujalivaa," alisema.

"Nilikuvunjia ahadi."

"Najua. Niliiona picha. Nilicheka, kisha nikalia." Wakaanza kupanda njia. "Baba amekwambia useme nini?"

"Ameniambia nimdanganye mama yako. Nikikataa, nimekukosa."

Wakio hakumpa shauri lolote. Alimtangulia tu, na Noah akaona kwamba anatembea polepole kuliko kawaida yake.

Mama yake Wakio, Peris kwa jina, alikuwa ameketi barazani anapukuchua maharagwe, mwanamke mnene mtulivu. Mzee Obadiah alikuwa pembeni, cherehani mbele yake, anashona kitu kisichohitaji kushonwa. Noah akasalimu, akaitikiwa, akasimama katikati ya ua mgongo ameuelekeza kwenye migomba. Peris akalifungua gazeti, akalitandaza koti juu ya magoti yake.

"Ndilo hili, Baba Wakio?"

"Ndilo," alisema mzee kwa cherehani.

"Lilikuwa na mgongo."

"Wezi wameukata."

"Wezi wa namna gani, wanaiba koti halafu wanalikata mgongo?" Akamwinulia Noah macho. "Wewe kijana, wewe ndiye uliyelileta. Koti hili ni la nani?"

Mzee Obadiah alikohoa. Cherehani ilisimama. Wakio alikuwa anatazama chini. Noah alitakiwa kusema maneno mawili tu, "la mzee", na alikuwa ameyakariri njia nzima kutoka Mwatate. Akamtazama Wakio, na moyo ukamuuma kwa jinsi alivyomtaka, na papo hapo akajua kwamba hawezi kuingia nyumba hii kwa mlango aliouingilia mzee.

"Ni la Bwana Karsan, mama," alisema. "Huvaliwa na yeyote anayelipia picha. Hata mimi nililivaa nikawaletea picha ya uongo. Na miwani ile haina vioo."

Mzee Obadiah alifumba macho. Noah naye alitazama njia ya kurudia, maana aliona yamekwisha.

Peris alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, kwa mabega, mpaka ungo ukapinduka na maharagwe yakatawanyika barazani.

"Miaka ishirini na moja!" alisema, akijifuta machozi kwa pembe ya kanga. "Miaka ishirini na moja nangoja mwanamume mmoja aniambie koti lina mwenyewe! Baba Wakio, koti lile nililiona siku ya harusi yetu. Lilikuwa kanisani, benchi la tatu, ndani yake karani wa mahakama. Bitana mpya."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona uliniuliza kila mwaka?"

"Nilikuwa nataka jibu."

Mzee Obadiah alimtazama mkewe kama anayemwona leo. "Na Voi ulinituma kufanya nini?"

"Binti yako aliniambia kuna kijana. Nikatafuta kijana kwenye picha, nikaona koti. Nikasema nenda wewe ukamtazame. Lakini ukitumwa kumtazama mtu, huendi. Ukitumwa koti, unakwenda." Akamgeukia Noah, kicheko kimemwisha sasa. "Haya. Mbele nimekuona. Geuka."

Noah alikuwa amewakataza watu neno hilo kwa miaka mitatu. Akamtazama Wakio, na Wakio akatikisa kichwa kidogo, kwamba ndiyo. Akageuka polepole, akawapa mgongo wake, akasimama akiitazama migomba.

Alisikia kigoda kikisogezwa, hatua zikija, kisha akavihisi vidole vya fundi mgongoni. Vilianza pembe ya juu ya kiraka, vikafuata msalaba baada ya msalaba, taratibu, mpaka chini, vikatafuta fundo, vikalikuta limefichwa kwa ndani.

"Mshono huu nilimfundisha mimi," alisema Mzee Obadiah. Akainama karibu zaidi. "Na uzi ni wangu. Kumbe ndiko ulikokuwa unakwenda."

Wakio alikuwa ameufunika uso kwa mikono. Mzee hakuuondoa mkono wake pale kwenye kiraka.

"Wakio," alisema. "Mletee mwenzako kiti. Ametembea toka Mwatate huyu."